Bunduki ya Kwanza ya Bata: Pampu ya Dola 300 Inatosha

Mtu anayekwenda bwawani mara nne au tano kwa msimu mzima hahitaji bunduki ya dola 1,500. Anahitaji shotgani ya pampu, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), chemba, yaani pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, ya inchi 3, yenye mtutu wa inchi 26 au 28 unaobadilishwa choki, kibanio cha mdomoni kinachoamua punje zitawanyike kiasi gani. Bunduki ya namna hiyo, mpya kabisa, inauzwa Marekani kwa dola 300 au chini kidogo, na iliyotumika na kutunzwa inaweza kushuka hadi dola 200. Pesa inayobaki iende kwenye risasi, karatasi za kupimia na mazoezi ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Bata haangushwi na jina lililochongwa ubavuni mwa bunduki. Anaangushwa na punje chache za chuma zilizomfikia zikiwa bado na nguvu, kutoka kwa mpigaji aliyejua kujizuia bata akiwa mbali.

Nawaandikia Waswahili walio Minnesota, Iowa, Ohio, Texas na kwingineko, ambao wafanyakazi wenzao huwaalika kuwinda kila vuli inapoingia. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo bunduki ni ya askari. Kenya, kwa mfano, ilifunga uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Ndiyo maana mtu anaingia dukani bila hata kujua aulize nini, na muuzaji naye ana bunduki ya kamisheni nono nyuma ya kaunta.

Karatasi kwanza

Kabla ya bunduki, hakikisha sheria inakuruhusu kuishika. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, na kuchunguzwa rekodi zako papo hapo. Kwa shotgani, duka haliruhusiwi kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ya kijani, anaweza kununua kama raia, ila ataandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, anazuiwa na sheria ya shirikisho hata kuishika tu, isipokuwa awe ndani ya moja ya vighairi vyake, na leseni halali ya uwindaji ni kimojawapo. Asiye na kibali cha kuishi nchini asiguse kabisa, hata ya kuazimwa kwa nusu saa. Mwenye shaka yoyote juu ya hadhi yake aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji, maana kosa la bunduki humfikisha mtu kwenye kufukuzwa nchini. Na usimnunulie ndugu aliyezuiwa kununua mwenyewe. Hilo ni kosa la jinai kwa jina lako wewe uliyetia saini.

Majimbo nayo yana yao. Illinois haikubali umiliki wa bunduki yoyote bila kadi yake ya mwenye bunduki iitwayo FOID, na New Jersey inataka kitambulisho cha mnunuzi. Kuna pia kozi ya usalama wa uwindaji. Minnesota inaidai kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979, Texas kwa aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye. Ukishaipata, unakata leseni ya jimbo, unajiandikisha kwenye HIP, mpango wa takwimu za wawindaji wa ndege wahamao, na kama umefika miaka 16 unanunua stempu ya bata ya shirikisho, ambayo ni dola 25.

Sheria tatu zinaigusa bunduki yenyewe, na ndizo zinazotuongoza katika kuchagua. Geji isizidi ukubwa wa 10 (namba ikipungua tundu linakua, kwa hiyo 12 na 20 ni ndogo kuliko 10). Bunduki isiweze kubeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla, moja chembani na mbili kwenye magazini. Na risasi zisiwe za risasi-madini, yaani ledi. Tangu 1991 bata wote wa Marekani wanawindwa kwa marisau, yaani punje zilizo ndani ya risasi, yasiyo na sumu, na kwa mwindaji wa bei nafuu hayo ni ya chuma. Kuwa tu na risasi za ledi mfukoni ukiwinda bata ni kosa, hata kama hujafyatua moja. Koti lililotoka kwenye mazoezi ya visahani likaguliwe mifuko yote kabla halijaenda bwawani, kwa sababu huko mazoezini ledi ndiyo inayotumika.

Kwa nini pampu

Pampu inakokiwa kwa mkono. Ukivuta kishikio cha mbele kuja kwako, ganda tupu linatupwa pembeni. Ukikisukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba la magazini lililo chini ya mtutu na kuingia chembani. Hakuna tundu la gesi la kuziba, wala springi inayobagua risasi nyepesi na nzito. Ikiingia tope unaisuuza, unaipangusa, unaendelea. Kwa bunduki itakayokaa kabatini miezi kumi na moja halafu idaiwe kufanya kazi alfajiri kwenye baridi ya kuganda maji, urahisi huo ni mali.

Kasoro yake kubwa inatoka kwa mwenye kuishika. Bata wanapita, bunduki inalia, mpigaji anavuta kishikio robo tatu tu na kukirudisha kwa pupa. Hapo ganda tupu linarudi chembani, au linakwama mlangoni limelala kimshazari, au mtambo unajifunga juu ya chemba isiyo na kitu na triga inatoa "tik". Wengi huilaumu bunduki, kumbe mkono ndio uliofanya uvivu. Vuta mpaka chuma kigonge chuma, kisha sukuma mpaka kigonge tena, bila huruma. Nunua risasi bandia za plastiki ufanye mazoezi hayo nyumbani jioni, za kweli zikiwa chumba kingine kabisa.

Kosa la pili liko kwenye kupakia. Risasi inasukumwa ndani ya magazini kwa kidole gumba mpaka usikie kikamatio kikilia "klik" nyuma ya kitako chake. Ukiiachia kabla ya hapo inateleza kurudi nyuma na kuingia chini ya kinyanyuzi, na bunduki inafunga kabisa, haivutiki wala haisukumiki. Unayemwona bwawani anaitikisa bunduki huku akilaani, mara nyingi limempata hilo.

Aina nyingine nitazipita haraka. Ya risasi moja ya kukunja ni rahisi na salama, lakini ni nyepesi, na risasi ya bata ya inchi 3 ndani yake inapiga teke ambalo anayeanza hatalisahau, na akishaiogopa bunduki anaanza kufumba macho. Ya mitutu miwili ni nzuri ikiwa nzuri, na nzuri ni ghali. Zile za bei ya chini mara nyingi ndizo zinazorudi kwa fundi, ama kifyatulio cha mtutu wa pili hakishiki, ama bawaba imelegea.

Inayojikoki yenyewe inastahili maneno mawili zaidi, kwa sababu ndiyo kila muuzaji atakayokuonyesha. Faida yake ya kweli ni teke laini, hasa kwa zile zinazoendeshwa na gesi. Mazingira ya bata ndiyo yanayoisumbua. Gesi inaacha masizi, masizi yakikutana na mafuta mengi na baridi yanakuwa lami, na risasi ya pili haipandi. Zile zinazoendeshwa na msukumo wa nyuma, kama Stoeger M3000 ya dola 600 hivi, ni safi zaidi, ila zina tabia yao. Ukiufunga mtambo polepole ili usiwashtue ndege, au ukiukwaruza mkono wa mtambo kwenye koti, kichwa chake hakizunguki kujifunga sawasawa. Unalenga, unabana triga, "klik". Dawa ni kuuachia mtambo ugonge wenyewe kwa nguvu yake, kisha kuusukuma mbele kwa kiganja kuhakikisha. Mwenye bega bovu, au anayejua kwamba atapiga visahani kila wiki mwaka mzima, aweke akiba anunue hiyo. Wa mara nne kwa msimu asijisumbue.

Maverick, Mossberg au Remington

Ya kwanza ningemwekea mtu mkononi ni Maverick 88, pampu ya bei nafuu inayotoka kampuni ya Mossberg. Chemba ni ya inchi 3, mtutu wa inchi 28, na kwa kawaida inakuja na choki moja ya kati, yaani Modified. Dukani huwa kati ya dola 230 na 300. Haina urembo: plastiki nyeusi, chuma cheusi kisichong'aa. Kwa bata, weusi huo hauna shida. Mchoro wa majani na matete unaweza kuongeza dola mia kwenye bei, lakini bata hahesabu majani yaliyochorwa kwenye kitako. Anachokiona ni uso wako mweupe kwa mwanga au mweusi kwa kivuli ukiinuliwa juu, na mkono unaotikisika.

Mossberg 500, iliyoanza kutengenezwa 1961, ni ndugu yake mkubwa kwa dola 400 na zaidi. Inachokuongezea hasa ni kitufe cha usalama kilicho juu, nyuma ya mtambo, pale kidole gumba kinapolala. Kwa anayetumia mkono wa kushoto hilo pekee linatosha kulipia tofauti, kwa sababu kwenye Maverick na Remington kitufe ni cha kusukuma pembeni na kimepangwa kwa mtu wa kulia. Mitutu ya Maverick na 500 inabadilishana, mradi magazini ziwe za ukubwa mmoja. Choki zake za kawaida zina uzi mmoja na zile za zamani za Winchester na Invector ya kwanza ya Browning, kwa hiyo choki ya ziada haikosekani na haizidi dola 20 au 25. Angalizo moja: Invector Plus, choki ya baadaye ya Browning, haiingii humo. Usijaribu kuilazimisha.

Remington 870 imekuwepo tangu 1950 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 10, kwa hiyo hakuna duka la bunduki zilizotumika lisilokuwa nayo. Mwili wake umechongwa kwa chuma kizima, tofauti na aluminiamu ya Mossberg. Ni nzito kidogo na mtambo wake unateleza vizuri. Toleo lake la zamani la Wingmaster lenye kitako cha mti ni bunduki ya kurithisha watoto. Matoleo yake ya baadaye ya Express yasomwe kwa macho mawili. Chuma chake cha nje kinashika kutu upesi, na baadhi yana chemba iliyokwaruzika kiwandani. Chemba ya namna hiyo inalikumbatia ganda, hasa la risasi za bei ya chini ambazo kitako chake ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Shaba halisi hutanuka kisha ikanywea, lakini chuma kikitanuka kinabaki kimetanuka. Mpigaji anavuta kishikio, hakiji. Fundi anaisugua chemba kwa pamba laini ya chuma na tatizo linakwisha, na bei ishushwe kwa sababu hiyo.

Ukikutana na 870 ya zamani, soma herufi ya mwisho ya namba yake. V ni mwili wa risasi za inchi 2¾. Mtu anaweza kuwa ameufunga mtutu wa inchi 3 juu yake, ukaona maandishi ya inchi 3 ukafurahi, halafu maganda marefu yakawa yanakwama mlangoni. M ni ya inchi 3. Kitu kingine cha kujua ni kwamba choki za kufungua za Remington zilianza 1986. Mtutu wa kabla ya hapo una choki ya kudumu, mara nyingi Full, yaani inayobana zaidi, na huo si wa kupigia chuma.

Geji, chemba na hatari moja

Geji 12 inashinda kwa sababu ya duka. Risasi za chuma za bata zinakuwepo hata mji mdogo, kwa saizi zote, na ndizo za bei ya chini. Geji 20 ni nzuri kwa mtu mdogo wa mwili au kijana. Inabeba robo tatu hivi ya uzito wa marisau, basi mipaka yake iwe mita 27 hadi 30. Chemba ya inchi 3½ usiilipie. Kwa chuma cha leo, inchi 3 inamwangusha bata yeyote kwa umbali ambao mtu wa mara chache anaweza kumpiga bila kubahatisha, na teke la inchi 3½ kwenye bunduki ya kilo tatu linaharibu mlengo wa risasi ya pili.

Kamwe usichanganye geji mbili kwenye mfuko mmoja. Risasi ya 20 ikiingia kwenye bunduki ya 12 haibaki chembani. Inateleza mbele na kukwama mwanzoni mwa mtutu, mahali usipopaona. Mpigaji anabana triga, hakuna kitu, anadhani alisahau kupakia, anaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka mkono wa kushoto ukiwa juu yake. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 yanatengenezwa ya rangi ya njano. Ukiona njano karibu na bunduki yako ya 12, simama. Matokeo ni yale yale kwa tope au theluji iliyoziba mdomo wa mtutu: ukianguka matopeni, toa risasi zote, fungua mtambo, tazama mwanga upande wa pili kabla ya kupakia tena.

Choki na karatasi

Hapa ndipo bunduki ya dola 280 inaweza kuishinda ya dola 1,800, na ndipo wengi hawapiti kabisa.

Chuma ni chepesi kuliko ledi, kwa hiyo punje inapoteza kasi upesi. Fidia yake ni kupanda saizi mbili. Aliyezoea kusikia namba 4 au 5 ya ledi atumie namba 2 au 3 ya chuma (kumbuka namba ikipungua, punje inakua). Risasi ya kawaida ya bata ni inchi 3, aunsi 1¼, futi 1,400 hadi 1,450 kwa sekunde. Aunsi 1¼ ya namba 2 ina punje 156 hivi, ya namba 4 ina 240 hivi. Kwa bata wakubwa aina ya mallard napendelea namba 2 au 3, kwa bata wadogo wa kasi walio karibu namba 4 inatosha. BB, punje kubwa kuliko hizo, waachie bata bukini.

Chuma pia ni kigumu na hakibonyei, kwa hiyo kinatoka mtutuni kikiwa kimeshikana. Choki ya Modified kwa chuma inatoa mkusanyiko unaokaribia ule wa Full kwa ledi. Ukifunga Full na kupiga punje kubwa za chuma unaweza kuitanua choki mpaka isifunguke tena, au kuuvimbisha mtutu. Modified iliyokuja na bunduki ndiyo ya kuanzia. Nunua Improved Cylinder, choki iliyo wazi zaidi, kwa mabwawa ya msituni ambako bata wanatua mita 20. Choki ifungwe kwa mkono mpaka mwisho, ikaguliwe kila baada ya risasi 20 au zaidi kwa sababu hulegea, na usipige kamwe ikiwa haipo. Nyuzi za mtutu zitaharibika.

Sasa chukua karatasi nene ya upana wa sentimita 120, ibandike kwenye kadibodi, simama mita 32 (yadi 35), lenga katikati, piga mara moja. Badilisha karatasi. Zipate tatu kwa kila aina ya risasi. Tafuta mahali punje zilipojaa zaidi, chora duara la upana wa inchi 30, yaani sentimita 76, kisha hesabu matundu. Kwa bata mkubwa unataka 85 hadi 90 au zaidi ndani ya duara, yaliyosambaa bila mapengo ya ukubwa wa sahani. Ukipata 60, usinunue bunduki nyingine. Badilisha aina ya risasi kwanza, halafu choki. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupishana kabisa juu ya risasi wanayoipenda, na hakuna anayejua kwa nini mpaka karatasi iseme.

Karatasi hiyo hiyo inakuambia jambo la pili: duara limekaa wapi. Ikiwa katikati ya mkusanyiko ni sentimita 25 kushoto kwenye karatasi zote tatu, kitako hakikukai. Jipime hivi: vaa koti utakalovaa bwawani, funga macho, inua bunduki begani na shavu juu ya kitako, fungua macho. Unatakiwa kuona shanga ya mbele ikielea juu ya mtutu uliolala bapa. Ukiona nyuma ya mtambo tu, kitako kiko chini kwako. Ukiona mtutu mzima umepanda kama barabara ya mlimani, kiko juu. Kitako kikinasa kwenye kwapa la koti, ni kirefu. Vingi vina inchi 14 kutoka triga hadi mwisho, na mtu wa futi tano na inchi nne ndani ya koti la baridi anahitaji 13 hivi. Matoleo ya vijana yapo, kwa bei ile ile.

Kuikagua iliyotumika

Kwanza hakikisha haina risasi, kwa macho na kwa kidole, chembani na kwenye magazini, muuzaji akiwa anatazama. Fungua mtutu, uelekeze kwenye taa. Unatafuta vishimo vya kutu, na pete ya kivuli inayozunguka ndani. Pete hiyo ni uvimbe wa risasi iliyopita juu ya kizuizi, na bunduki hiyo iache hapo hapo. Jaribu kufungua choki. Iliyoganda kwa kutu inaweza kumaanisha mtutu mpya. Vua kishikio cha mbele utazame bomba la magazini, ambako maji ya bwawa hujificha na ambako muuzaji hapangusi. Kagua kitako pale kinapokutana na chuma, nyufa huanzia hapo. Pitisha risasi bandia, tatu tatu, kwa nguvu ya kweli. Zote ziingie, zote ziruke nje. Weka usalama, bana triga kwa nguvu, kisha uutoe bila kugusa triga: pini ikijipiga yenyewe, rudisha.

Mwisho pima kizibo cha magazini, kile kijiti cha mti au plastiki. Kipimie kwa risasi bandia za inchi 2¾, maana askari wa wanyamapori naye atatumia fupi. Mbili ziingie, ya tatu igome. Zilizotumika mara nyingi zimetolewa kijiti. Kipya ni dola chache, lakini kiwe kipande kimoja kisichoweza kutoka bila kufungua bunduki.

Bwawani na baada ya bwawa

Kati ya bata wa bandia wanaowavutia wa kweli, weka wa mwisho mita 30 kutoka ulipojificha. Bata aliye ng'ambo yake muache apite. Kubalianeni na wenzako nani anapiga upande gani kabla mwanga haujafika, na anayesimama asifuate ndege anayeshuka chini kupita vichwa vya wengine au mbwa. Kwenye boti yenye injini, bunduki haina risasi mpaka injini izimwe na boti isimame.

Aliyejeruhiwa sheria inakutaka umtafute, ummalize mara moja na umhesabu kwenye idadi yako ya siku. Kwa Waislamu, kisu chenye makali kiwe mfukoni, si ndani ya begi garini, ili anayepatikana hai achinjwe hapo hapo. Aliyekufa kwa marisau, fatwa zinatofautiana, na sheikh wako ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kabla ya msimu. Usimnyonyoe wote huko huko. Mpaka afike nyumbani au kwa mchinjaji anayetayarisha nyama, bata abaki na kichwa au bawa moja lenye manyoya yake, ili aina ijulikane. Na mezani tafuneni taratibu: chuma hakibonyei, jino linavunjika.

Ukirudi nyumbani usiisimamishe bunduki kabatini na maji yake. Vua mtutu, futa ndani kwa kitambaa kikavu kisha chenye mafuta kidogo, pangusa bomba la magazini na springi, toa choki uipake grisi kwenye uzi. Mafuta yawe filamu nyembamba tu, yakizidi yanaganda kwenye baridi na kuvuta vumbi. Ikiwa maji yalikuwa ya chumvi, suuza chuma kwa maji yasiyo na chumvi kwanza. Bunduki ifungwe kwa kufuli lililokuja nayo, risasi zikae mahali pengine kwa kufuli lake.

Hesabu yote, kwa makadirio: Maverick mpya 280, choki ya pili 20, vifaa vya kusafishia 20, stempu 25, leseni ya jimbo 30 hadi 50, boksi mbili za chuma 50, boksi nne za ledi za mazoezi 40. Dola 485 kwa juu. Boksi moja ni risasi 25, na raundi moja ya visahani ni 25, kwa hiyo hizo nne ni raundi nne. Hizo nne zinajaza chungu zaidi kuliko ambavyo dola 500 za ziada kwenye bunduki zingefanya.

Wakati mzuri wa kununua ni Februari na Machi. Msimu umekwisha, maduka yanapunguza yaliyobaki, na waliopandishia daraja bunduki zao wanaleta za zamani kuuza. Ukingoja Septemba utakuta rafu za Maverick tupu, risasi za chuma namba 2 zimekwisha, na nafasi za siku ya vitendo ya kozi ya usalama zimejaa mpaka baada ya bata kupita.